MREJESHO: Udereva wa treni za chini ya ardhi New York

Ndugu zangu, habari za siku nyingi. Niliwahi kuwauliza kama nilipie mtihani wa udereva wa treni hapa New York au nibaki na teksi yangu. Wengi mlisema nijaribu. Nilijaribu, na sasa naendesha. Asanteni sana.

Kilichonichosha ni kusubiri. Ukishafaulu unapewa namba kwenye orodha kulingana na alama zako, halafu kimya, mwaka unakatika. Barua ilikuja nimeshakata tamaa. Wakanipima afya na dawa za kulevya, wakakagua leseni. Dada uliyesema niitunze isiwe na makosa, Mungu akubariki.

Mafunzo yalichukua miezi. Siku ya kwanza kushuka kwenye njia ya reli mwalimu alituonyesha reli ya tatu, yenye umeme wa volti 600 hivi. Tuliivuka mmoja mmoja, mguu juu, bila kuikanyaga. Jasho lilinitoka hadi kwenye glavu.

Lakini mtihani wenyewe ni breki. Stesheni zina vibao vya namba: treni ya mabehewa 10, kichwa kisimame kwenye kibao cha 10. Ukisimama kabla ya kibao, mabehewa ya nyuma yanabaki handakini na kondakta hawezi kufungua milango. Nilirudia mpaka mkono ukazoea.

Zamu huchaguliwa kwa ukongwe kazini, kwa hiyo mimi mgeni napata usiku na wikiendi. Mwenye familia azungumze kwanza na wa nyumbani. Mke wangu tulikubaliana mapema, ndiyo maana nimeweza.