Nimelipa elfu 70 kuambiwa "umelala". Hivi kujitambua siku hizi ni kutouliza maswali?

Wakuu, salaam. Nina hasira na nitaandika hivyo hivyo, mtanivumilia.

Jumamosi nilitoa elfu 70 taslimu kuingia semina ya "kuamka kifikra" kwenye ukumbi mmoja hapa Dar. Chai na sambusa mbili humo humo. Mwalimu kavaa nguo nyeupe, shanga shingoni, anaongea polepole kama mtu anayesinzia. Saa nzima anatusimulia pango la Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale: wafungwa kwenye minyororo, vivuli ukutani wanavyodhani ndio ukweli, mmoja anatoka anaona jua. Sawa. Halafu akamalizia: "Mimi nilishatoka. Ninyi bado mnatazama vivuli."

Nikanyoosha mkono. Huyo aliyetoka alijuaje kwamba hajaingia pango jingine kubwa zaidi? Hilo tu! Akanitazama kwa huruma, akasema frikwensi yangu iko chini. Ukumbi ukaangua kicheko. Mama wa kiti cha pembeni akaninong'oneza, "Kaa tu baba, unaharibu nishati."

Hela inauma, nisidanganye. Ila kilichonichoma ni kwamba jamaa siku nzima alimtaja Socrates, mwalimu wa Plato, kama babu yake. Socrates yupi? Yule aliyenyweshwa sumu Athens mwaka 399 KK alisema mahakamani hajawahi kumtoza mtu senti, na umaskini wake ndio shahidi.

Na maswali ndiyo yalikuwa kazi yake. Kuna mahali Plato anamwonyesha akiwa na kijana mtumwa, asiye na shule. Anamchorea mraba wa futi 2 kwa 2, eneo 4. Anamuuliza: utaupata vipi mraba wenye eneo 8? Kijana fasta: upande uwe 4. Wakahesabu, ikatoka 16. Akajaribu 3, ikaja 9. Akakwama, akaapa hajui. Hapo Socrates akamgeukia bwana wa yule kijana: sasa yuko pazuri kuliko mwanzo, maana mwanzo alikuwa hajui na anadhani anajua. Na kweli, kwa kuulizwa tu, akafika: chukua mstari unaokata mraba wa kwanza kona kwa kona, huo ndio upande wa mraba mpya. (Chukua karatasi ujaribu, inakubali.)

Mnaona? Mtumwa aliruhusiwa kukosea mara mbili mbele ya watu. Mimi niliyelipa, swali moja tu nimekuwa mjinga wa ukumbi. Tena kwenye hadithi yenyewe ya pango, anayerudi kutoka nje ndiye anayechekwa na waliobaki gizani. Sisemi mimi nimeona jua, lakini mwalimu hiyo sehemu aliiruka.

Kuna aliyewahi kurudishiwa hela na hawa watu? Cheti wamenipa, "Aliyeamka Daraja la Kwanza", jina langu limekosewa herufi mbili. Na asubuhi hii imeingia meseji: daraja la pili ni laki mbili na nusu, nafasi chache.