Mizani mpya inasoma pungufu: ni graviti au nimeletewa kimeo?

Mleta mada: Wakuu, nimekwama. Nimeletewa mizani ya kidijitali kutoka London, ya gramu 500, inasoma hadi 0.01. Hapa Geita jiwe la gramu 100 linasoma 98.90. Nimeambiwa ni graviti. Kesho nanunua dhahabu. Nifanyeje?

Mchenjuaji: Graviti ipo, ila haifiki huko. London kilo moja inavutwa kwa nyutoni 9.81. Geita, karibu na ikweta na juu ya mita 1,000, ni kama 9.78. Mizani iliyosetiwa London ingesoma kama 99.65. Hizo 0.75 zilizobaki zina mwenyewe. Imeanguka?

Ticha wa Fizikia: Kwanza lugha! Kilo ni tungamo, uzito ni kani. Mizani yako inahisi kani halafu inaandika gramu. Ya vitanga viwili haisumbuliwi na safari: jiwe na dhahabu vinavutwa sawasawa.

Kichwa Ngumu: Ticha, mwenzio ananunua kesho 😂 Mkuu hamia mwezini, jiwe litasoma 16 na ushee.

Mleta mada: Sawa, ilidondoka kwenye bodaboda. Lakini inarudi sifuri vizuri! Nitazidisha tu kwa 1.011 kwenye kalkuleta.

Mchenjuaji: Kurudi sifuri si ushahidi. Tafuta meza isiyotikisika, kiputo cha usawa kikae katikati, zima feni, iache imewaka nusu saa. Weka jiwe katikati, kisha pembe nne. Pembe zikipishana, kihisi cha ndani kimepinda, kalkuleta haikusaidii. Zikilingana, jaribu jiwe la 50 na la 200. Kosa likibaki asilimia ileile, bonyeza CAL, kitufe cha kuisetia upya kwa jiwe.

Bi Haki: Mnunuzi analalamikia mizani inayompendelea? Anayeumia ni mchimbaji, gramu 1.1 kila 100. Ipeleke Wakala wa Vipimo, bila stika yao usipime.

Mzee wa Fitina: Hii chai. Asiyejua CAL, jiwe la uhakika kalitoa wapi?

Mleta mada: Si chai! Nimeazima, la shaba, la mizani ya zamani.

Mchenjuaji: Ligeuze. Kuna kitundu kilichozibwa kwa madini ya risasi?

Mleta mada: Kitundu kipo. Ndani vumbi tu.

Mchenjuaji: Basi risasi imetoka, jiwe halifiki gramu 100. CAL usiiguse. Ukisetia kwa jiwe hilo, mizani itazidisha, na utalipia dhahabu isiyokuwepo.