Kupita bila kupingwa: je, Obama alichaguliwa mwaka 1996, au aliwaengua wenzake?

Mleta mada

Ndugu wachangiaji, kila uchaguzi unapokaribia huzuka upya hoja ya wagombea wanaopita bila kupingwa, na hakosi mtu wa kutuambia kwamba mambo hayo hayatokei katika nchi ambazo demokrasia yake imekomaa. Leo naomba tuijadili hoja hiyo kwa kumtazama mtu ambaye wengi wetu tunamhesabu kuwa wa nyumbani kwa upande wa baba. Namzungumzia Barack Obama, lakini simzungumzii yule wa Ikulu ya Marekani. Nataka tumtazame yule aliyekaa karibu miaka minane katika Seneti ya jimbo la Illinois, tangu Januari 1997 hadi Novemba 2004.

Historia yenyewe ni hii. Mwaka 1995 kiti cha eneo la 13 la Seneti hiyo, upande wa kusini wa jiji la Chicago, kilikuwa cha Bi. Alice Palmer. (Naliita eneo ili lisichanganywe na jimbo zima.) Mel Reynolds, aliyekuwa mbunge katika bunge la taifa kule Washington, alipotiwa hatiani na kulazimika kujiuzulu, Palmer aliamua kuwania nafasi hiyo, na mwezi Septemba akasimama hadharani kumtambulisha mwanasheria wa miaka 34 kuwa ndiye anayefaa kumrithi katika Seneti. Novemba 28 Palmer akaanguka katika mchujo wa chama, tena akawa wa tatu, nyuma ya Jesse Jackson Mdogo na Emil Jones. Wazee wa eneo wakamwendea kijana wakimwomba ampishe mama arudi kwenye kiti chake. Kijana akakataa.

Palmer akaamua kupambana. Sheria ilimtaka kila mgombea wa chama cha Democratic awasilishe saini 757 za wapiga kura wa eneo hilo, naye Desemba 18, siku ya mwisho, akawasilisha 1,580, ambazo ni zaidi ya mara mbili ya zilizotakiwa. Mwaka mpya ulipoanza, watu wa Obama wakaingia katika ofisi za bodi ya uchaguzi na kuzikagua saini hizo moja baada ya nyingine. Walipomaliza, Palmer alikuwa amepungukiwa na saini zipatazo 200, na Januari 1996 akajitoa. Gha-is Askia, aliyewasilisha saini 1,899, alipungukiwa na 69, na Marc Ewell, aliyewasilisha 1,286, alipungukiwa na 86. Mgombea wa nne naye aliondolewa kwa njia hiyohiyo, na Machi 1996 karatasi ya mchujo ikawa na jina moja tu.

Mnaoijua Chicago mnafahamu kwamba katika eneo kama lile, mtu akishapata tiketi ya Democratic, uchaguzi wa Novemba ni wa kukamilisha taratibu tu. Obama alipata asilimia 82. Ninachouliza si kama sheria ilivunjwa, kwa sababu haikuvunjwa. Nauliza kama tunaweza kusema kwa haki kwamba watu wa eneo lile walimchagua.

Mchangiaji wa Mombasa

Ndugu mleta mada, umeieleza habari vizuri, ila umeipunguza chumvi mahali palipostahili kukolezwa. Palmer alikuwa amewaambia watu hadharani kwamba anaondoka, na kijana wa watu akajipanga, akachangisha fedha, akafungua ofisi na kuajiri watu kwa kuliamini neno la mama yule. Kwetu mtu akishaaga safari na kubeba mizigo yake, hawezi kurudi baada ya miezi mitatu akamkuta mwenzake ameketi kitini, kisha akalalamika kwamba ameporwa.

La pili ni la sheria. Saini ya mdhamini ni ushahidi kwamba mtu yule yupo, amejiandikisha, anaishi katika eneo lile na amekubali kwa hiari yake. Baadhi ya saini zilikataliwa kwa kuwa waliosaini walikuwa wakazi wa eneo jingine, na nyingine kwa kuwa majina hayakuwamo katika daftari. Ukisema zipite tu kwa sababu mwenye nazo ni mtu mwema, kesho atakuja mtu mwovu na orodha ya marehemu, nawe hutakuwa na kauli ya kumzuia.

Mchangiaji wa Morogoro

Nakubaliana na ndugu wa Mombasa katika sehemu ya kwanza, lakini katika hiyo ya pili naona amezifuta saini nyingi ambazo hazikuwa za marehemu. Kulikuwa na waliokataliwa kwa sababu waliandika majina yao kwa herufi za kuachanachana, kama tulivyofundishwa darasa la kwanza, badala ya mwandiko wa kuunganisha unaofanana na ule wa kadi ya mpiga kura. Hao walikuwa watu halisi, wa eneo lilelile, waliotaka mgombea wao awemo. Zaidi ya hapo, daftari la eneo lile lilikuwa limetoka kusafishwa, na majina zaidi ya 15,000 yalikuwa yameondolewa. Hebu mfikirie bibi wa mtaani aliyezoea kupiga kura miaka yote, ambaye haijui habari hiyo, anagongewa mlango jioni ya Desemba na baridi yake, anasaini kwa moyo mmoja, kisha saini yake inahesabiwa kuwa si kitu.

Nitatoa mfano mmoja wa kwangu. Miaka kadhaa iliyopita nilimsaidia mgombea udiwani katika kata moja. Fomu yetu ilirudi na pingamizi kwamba mahali pamoja kazi yake ilikuwa imeandikwa "mkulima" na mahali pengine "mkulima na mfanyabiashara". Alikuwa na ekari mbili za mpunga na duka la rejareja. Yote mawili yalikuwa kweli, na kata nzima ilijua. Tulipewa muda wa kukata rufaa ambao, kwa usafiri wa siku zile za mvua, ulikuwa kama hatukupewa. Mgombea wa upande wa pili akapita bila kupingwa, na siku ya kupiga kura watu walifika kituoni wakauliza mbona karatasi ya diwani haipo.

Hata hivyo sitaki tuchanganye mambo. Mwaka 2019, katika uchaguzi wa serikali za mitaa hapa Tanzania, upinzani ulilalamika kwamba wagombea wake wameenguliwa kwa makosa madogomadogo ya kujaza fomu, vyama vikajitoa, na CCM ikamaliza na zaidi ya asilimia 99 ya viti. Kilio kikubwa kilikuwa juu ya aliyeshika kalamu ya kuengua, kwamba ni mtumishi wa serikali ileile yenye mgombea. Kule Chicago pingamizi liliwekwa na mgombea mwenyewe, ambaye hakuwa na serikali mkononi, dhidi ya seneta aliyekuwa madarakani. Saini zililinganishwa mezani, mbele ya pande zote mbili, na kadi za wapiga kura. Tofauti hiyo ni kubwa, ingawa bibi yetu wa mtaani, kwa upande wake, aliumia vilevile.

Mchangiaji wa Kisumu

Huku kwetu mnatuchekesha. Mnamwita wa nyumbani, mkishafika kwenye saini mnamgeuza Mmarekani. Mimi nasema tusiishie mwaka 1996. Mwaka 2000 alijaribu kumng'oa Bobby Rush katika kiti cha bunge la taifa, na safari hiyo hapakuwa na saini za kumwokoa: Rush asilimia 61, Obama asilimia 30. Rush alikuwa mtu wa mtaa, aliyewahi kuwa katika Black Panther, kundi la kupigania haki za watu weusi, na miezi michache kabla ya mchujo alikuwa amempoteza mwanawe kwa risasi. Obama naye, mwezi Desemba 1999, muswada wa kudhibiti silaha ulipopigiwa kura, alikuwa Hawaii na mtoto mgonjwa, hakurudi kupiga kura. Wapiga kura waliliona hilo. Kwa hiyo, ndugu mleta mada, jibu la swali lako lilitolewa na wenyewe miaka minne baadaye.

Mchangiaji aliyeko Illinois

Nimeishi katika jimbo hili kwa miaka mingi, nami naona mjadala umeegemea mno kwenye namna alivyoingia na kusahau alichokifanya baada ya kuingia, jambo ambalo kwa mtunga sheria ndilo la kupimia.

Seneti ya Illinois ina viti 59 na hukaa Springfield, mji ulio mwendo wa saa tatu na zaidi kwa gari kutoka Chicago. Mezani seneta ana vitufe vitatu: cha kijani ni ndiyo, chekundu ni hapana, na cha njano ni "nipo". Obama alikibonyeza cha njano mara 129 katika kura zipatazo 4,000, na mwaka 2008 wapinzani wake wakalifanya jambo hilo kuwa ushahidi wa woga. Wasichoeleza ni kwamba muswada huhitaji kura 30 za ndiyo ili upite, kwa hiyo anayebonyeza njano hausaidii hata kidogo. Athari yake ni ileile ya hapana, tofauti ni kwamba jina lake haliandikwi miongoni mwa waliokataa. Mara nyingine hiyo ni mbinu iliyopangwa na kundi zima, na mara nyingine, tusifichane, ni kukwepa.

Kwa miaka sita ya mwanzo chama chake kilikuwa cha wachache katika Seneti, na ingawa miswada michache ilipita, ukiwamo ule wa maadili wa 1998, mingi ilifia kwenye kamati. Wingi ulipogeuka Januari 2003, Emil Jones, yuleyule aliyemtangulia Palmer katika mchujo wa 1995, akawa rais wa Seneti na kumpa Obama miswada mizito. Mmoja ulilazimisha polisi kurekodi mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji. Polisi na waendesha mashtaka waliupinga mwanzoni. Obama alikaa nao kikao baada ya kikao akirekebisha kifungu hiki na kile, na hatimaye Seneti ikaupitisha bila hata kura moja ya hapana. Illinois ikawa jimbo la kwanza kuliweka sharti hilo katika sheria iliyotungwa na bunge. Katika jimbo ambako watu 13 walikuwa wamehukumiwa kifo kisha wakabainika kuwa hawana hatia, hilo halikuwa jambo dogo.

Mleta mada

Nashukuru kwa michango. Ya sheria ya 2003 nayakubali yote, lakini hayajibu swali langu: mtu anaweza kuitumia vizuri nafasi ambayo hakuipata kwa ushindani. Ya ndugu wa Kisumu ndiyo yamenitikisa, ila naye asikimbilie kufunga kesi, kwa sababu kuna mwaka 2001 ambao hamkuutaja.

Mipaka ya maeneo ya uchaguzi ilikuwa inachorwa upya baada ya sensa, na tume yenye wajumbe wanne wa kila chama ikakwama. Katiba ya Illinois inasema wakikwama, mjumbe wa tisa apatikane kwa bahati nasibu. Basi waziri wa jimbo, Jesse White, akaingiza mkono katika kofia ndefu iliyotengenezwa kwa mfano wa ile ya Abraham Lincoln, akatoa karatasi yenye jina la mtu wa Democratic, na ramani ikawa yao. Eneo la Obama likavutwa kuelekea kaskazini, likipita kando ya ziwa mpaka kwenye mitaa ya matajiri ambako baadaye alipata wafadhili. Mwaka 2002 akapita tena bila mpinzani. Mwaka 2004 jimbo zima lilimpa asilimia 70 kwa kiti cha Seneti ya Washington, na huo nauita ushindi bila kusita. Wa 1996, bado.

Mchangiaji wa Morogoro

Mleta mada, hata huo wa 2004 uutazame vizuri: mpinzani wake wa kwanza, Jack Ryan, alijitoa mwezi Juni baada ya hati za talaka yake kufunguliwa, na chama kikamleta Alan Keyes kutoka Maryland ikiwa imebaki kama miezi mitatu. Lakini kwa huo mtu alipigiwa kura na mamilioni, wala simdai. Deni la 1996 ni la Bi. Palmer, na mwenyewe alilikumbuka: mwaka 2008 alimuunga mkono Hillary Clinton, aliyeshindana na Obama kuwania tiketi ya urais.