Gemu ya mezani ya zama za kati: mahindi na viazi viwepo au nivitoe?

Mwana_Ujiji:
Wakuu habari za jumapili. Hapa Ujiji tuko watano, kila jumamosi jioni tunakaa barazani tunacheza gemu ya mezani ya kuigiza wahusika, zile za aina ya Dungeons & Dragons, msimulizi ndo mimi. Vitabu hatuna, sheria tunasoma kwenye simu, ramani nachora nyuma ya kalenda ya mwaka jana, dadu ya pande 20 ipo moja tu tunapokezana. Sasa jana wahusika wameingia kijijini usiku wamechoka hoi, nikasema mama mwenye nyumba kawatengea ugali wa mahindi, viazi mviringo na kachumbari ya nyanya. Mwenzetu mmoja anasomea ualimu wa historia, akaweka dadu chini akasema hapana, umetuambia hii dunia ni ya zama za kati, mahindi viazi na nyanya vyote asili yake Amerika na Columbus kafika kule 1492, hiki chakula kimetoka wapi? Tukabishana mpaka giza likaingia, joka hata hatukulifikia. Nauliza kabisa, historia niifuate mpaka wapi? Nataka dunia yangu iaminike lakini sio kila sahani iwe kesi.

Kaka_wa_Gungu:
Mkuu mi naona usijitese. Hiyo D&D yenyewe Gygax na Arneson waliitoa 1974 huko Marekani, imezaliwa kwenye gemu za kupanganisha visanamu vya askari vita vipigwe mezani, humo wakatia mazimwi ya Wagiriki, wachawi, panga za Ulaya, kila walichokipenda. Haijawahi kuwa somo la historia. Watu wamefanya kazi wiki nzima wanakuja barazani kupumzika, kiazi kiache kiliwe muendelee na safari.

Binti_Unyanyembe:
Mwangaluka wakuu, mie niko Tabora. Kaka wa Gungu hapo kwenye kupumzika nakuunga mkono ila kuna kitu umekiruka. Joka walikubaliana nalo tangu siku ya kwanza, kila mtu anajua lipo na anajipanga nalo. Ila njaa, uzito wa mzigo na bei ya vitu hakuna aliyevijadili, kila mmoja anachukulia vinaenda kama anavyovijua, sasa ukivikoroga mchezaji anashindwa kupanga hata safari ya siku mbili. Kiazi mimi ningekisamehe, ningeanza na hela. Kwenye hizo sheria mtu anatoa dhahabu kama anatoa jero, wakati Uingereza ya zama zile watu wengi mikononi mwao inapita peni ya fedha, peni 240 ndo pauni moja. Gygax mwenyewe aliandika kwamba bei zake ni kama za watu waliokimbilia dhahabu Alaska. Sasa hizo sisi si tunazijua jamani, ni bei za machimboni! Rashi, yani watu kukimbilia dhahabu mpya, ikitokea leo, kesho chapati na maji ya kunywa vimepanda. Kwa hiyo ukizitaka bei hizo kiambie kikundi chako kijiji kiko jirani na machimbo, mambo yote yanakaa sawa hujabadilisha namba hata moja.

Alafu angalia sababu na matokeo, hapo ndo historia inanoga. Tauni ilifika Uingereza 1348, watu wakafa wengi mno, vibarua wakawa wa kutafuta, wakadai malipo zaidi, na 1351 ikatungwa sheria ya kuwazuia. Ukiweka tauni kwenye hadithi yako halafu kibarua analipwa vilevile, hilo kwangu ni kosa kubwa kuliko nyanya. Na panga tafadhali usiziandikie kilo kumi, upanga wa kawaida ni kama kilo moja au moja na nusu. Deraya nzima ya chuma inafika kilo 20 hivi lakini uzito umegawanyika mwili mzima, mtu anainuka na anapanda farasi mwenyewe.

Mzee_wa_Uvinza:
Wanangu nawasoma kwa furaha sana. Lakini Mwana Ujiji, mbona zama za kati unazifuata Ulaya? Hapa kwetu Uvinza wataalamu wamechimba wakakuta vigae vya vyungu, watu walikuwa wanachemsha chumvi zaidi ya miaka 1000 iliyopita, yani huko wanajenga ngome na huku moto unawaka chini ya vyungu. Kazi ilikuwa ya kiangazi, masika mto ukijaa maji yanaingia kwenye chemchemi za maji ya chumvi na chumvi inapwaya. Mahindi bado hayajafika, muhogo pia bado maana nao ni wa Amerika. Mama mwenye nyumba atasonga ugali wa mtama au ulezi, na samaki wa ziwani. Huyo mwalimu mtarajiwa hatakuwa na neno.

Mwana_Ujiji:
Mzee wangu shikamoo, umenifungua macho aisee, nimekaa karibu na Uvinza miaka yote hii na sikuwahi kuiwazia hivyo. Nahamisha hadithi yote, kijiji kinakuwa cha wachemsha chumvi, kiangazi kimejaa wageni, masika kinabaki na wachache na chumvi inapanda bei. Peni naziacha, watalipana kwa chumvi yenyewe. Ila joka sasa nalipeleka wapi, kwenye chemchemi?

Mzee_wa_Uvinza:
Marahaba mwanangu. Chemchemini hapana, pale kuna watu usiku na mchana. Fikiria kuni. Kuchemsha maji ya chumvi mpaka yakauke kunakula kuni nyingi sana, miti ya karibu inaisha na kila msimu wakataji inabidi waende mbali kidogo kuliko mwaka jana. Liweke huko wanakoelekea.

Binti_Unyanyembe:
Mzee hapo umemaliza. Mwana Ujiji, jumamosi ijayo ukishasimulia rudi utuambie wameenda umbali gani.