Naomba msaada: diski ya mtandao haifunguki tangu nipandishe kompyuta kwenda Windows 11, na kazi za wateja zimo ndani

mama_picha
Wakuu, habari za jioni. Nina studio ndogo ya picha na video hapa Morogoro, harusi na sendofu ndizo zinazotulisha. Kazi zote tunaweka kwenye diski ya mtandao, lile boksi lenye diski mbili za TB 4 zinazonakiliana, limechomekwa kwenye ruta. Kwenye kompyuta zetu linaonekana kama diski Z. Tumelitumia miaka mitano bila shida.

Jana usiku nilipandisha kompyuta kubwa ya kuhariria kutoka Windows 10 Pro kwenda Windows 11 Pro, maana ile ya zamani muda wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025 na sikutaka kuendelea kuitumia hivyo. Leo asubuhi Z ina alama nyekundu ya X. Nikibofya inazunguka, kisha inakataa. Kompyuta ya pili, ambayo bado ina Windows 10, inafungua kama kawaida. Simu nayo inafungua.

Kijana anayenisaidiaga mambo ya kompyuta ameniambia boksi halikubaliani na mfumo mpya, nilirudishe lilivyotoka kiwandani lianze upya. Nimeogopa. Mle ndani kuna harusi ya Jumamosi iliyopita na kadi za kamera nimeshazifuta. Naombeni mwongozo kabla sijagusa kitu.

fundi_nyaya
Dada, usilirudishe kiwandani. Narudia, usiguse kitufe chochote nyuma ya boksi. Kompyuta ya pili na simu zinaona faili, maana yake diski ni nzima na kazi zako zipo. Kilichobadilika ni upande wa kompyuta moja tu.

Kabla ya yote chukua diski ya nje, ichomeke kwenye ile kompyuta ya pili, nakili harusi ya Jumamosi. Diski mbili zinazonakiliana zinakuokoa moja ikifa, lakini ukifuta faili kwa bahati mbaya zinafuta zote mbili kwa pamoja. Ukimaliza, rudi utuambie mambo matatu: ujumbe unaotokea neno kwa neno, toleo la Windows 11 (andika `winver` kwenye kisanduku cha kutafutia), na je, mkifungua Z huwa mnaulizwa nywila?

Ngosha_IT
Hiyo ni SMB 1, lugha ya zamani ambayo kompyuta hutumia kufungua folda za mtandao, imezimwa. Nenda kwenye vipengele vya Windows, weka tiki kwenye SMB 1, washa upya, umemaliza. Nimewafanyia wengi.

bi_seva
Ngosha, hapo nakupinga mkuu. SMB 1 ndiyo njia ambayo kirusi cha WannaCry kilipitia Mei 2017 kikafunga kompyuta za watu dunia nzima. Tangu mwaka huo huo Windows mpya haiji nayo. Kumwambia mtu mwenye kazi za wateja airudishe, bila hata kujua kama ndiyo tatizo, si sawa.

Na kujua ni rahisi. mama_picha, nenda kwenye kompyuta inayofanya kazi, fungua Z kwanza, halafu fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri) kwa kubofya kulia na kuchagua iendeshwe kama msimamizi. Andika:

`Get-SmbConnection`

Tazama safu ya `Dialect`. Ikianza na 2 au 3, boksi lako linazungumza lugha ya kisasa na SMB 1 haihusiki kabisa.

mama_picha
Nimerudi. Harusi nimeshainakili, GB 212, imechukua karibu saa mbili lakini sasa napumua. Asante sana fundi_nyaya.

Majibu: toleo ni 24H2. `Dialect` imeandika 3.0.2. Ujumbe ni mrefu, unasema siwezi kufungua folda hii kwa sababu sera za usalama za shirika zinazuia mgeni asiyejitambulisha. Mimi sina shirika lolote, ni studio ya watu watatu! Na hapana, hatujawahi kuulizwa nywila, tunabofya tu inafunguka.

Ngosha_IT
Sawa, 3.0.2 inaniondoa kwenye SMB 1. Nakubali.

bi_seva
Basi jibu limeshapatikana dada. Hilo neno shirika lisikutishe, ujumbe ni huo huo kwa kila mtu.

Boksi lako liliwekwa tangu mwanzo likaribishe yeyote kama mgeni, bila jina wala nywila. Windows 10 Pro ilikubali kuingia hivyo kimyakimya. Kuanzia 24H2, toleo la Pro halikubali tena kuingia kama mgeni, na pia linadai kila kifurushi kinachopita kati ya kompyuta na boksi kitiwe saini, ili mtu aliyejipenyeza katikati asiweze kukibadilisha. Saini hiyo inatokana na nywila. Mgeni hana nywila, kwa hiyo hana cha kutilia saini.

Zipo amri za kulegeza masharti hayo yote mawili, utazikuta mtandaoni zikitolewa kama dawa. Nakuuliza kwanza: wateja wanaosubiri pale studio huwa mnawapa nywila ya Wi-Fi?

mama_picha
Ndiyo, tumeibandika ukutani.

bi_seva
Basi kila aliyekaa kwenye kiti chako cha kusubiria angeweza kufungua folda zako kwa simu, kutazama picha za bibi harusi wa watu, hata kuzifuta. Kwa miaka mitano. Ndiyo maana sikupi zile amri.

Fanya hivi. Ingia kwenye ukurasa wa usimamizi wa boksi kupitia kivinjari. Tengeneza mtumiaji, tuseme `studio1`, mpe nywila ndefu, mruhusu kusoma na kuandika kwenye folda ya kazi. Mgeni usimzime bado, mpaka kompyuta zote mbili ziwe zimehamia kwenye jina jipya. Kisha kwenye Windows 11 fungua dirisha la amri la kawaida, lisiwe la msimamizi, ukiweka anwani ya boksi lako na jina la folda yako mahali pa hizi:

`net use Z: /delete`
`cmdkey /add:192.168.1.50 /user:studio1 /pass`
`net use Z: \\192.168.1.50\kazi /persistent:yes`

Amri ya pili itakuuliza nywila. Ukiandika huoni herufi zikitokea, ni kawaida. Na ni nywila ya boksi, siyo PIN unayofungulia kompyuta. Hapo wengi wanakwama.

fundi_nyaya
Niongezee moja. Kwenye ruta lifungie boksi anwani yake isibadilike. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kulipa anwani nyingine, na hizo amri zote zitakuwa zinaita nyumba ambayo mwenyewe amehama.

mama_picha
Anwani nimeifunga. Lakini mstari wa tatu umeleta kosa la mfumo namba 1219.

bi_seva
Hilo linamaanisha kompyuta bado imeshikilia muunganiko mwingine na boksi hilo hilo kwa jina tofauti, na Windows hairuhusu majina mawili kwa seva moja kwa wakati mmoja. Funga madirisha yote ya folda, andika `net use * /delete`, kubali, washa kompyuta upya, kisha rudia mstari wa tatu peke yake.

mama_picha
IMEFUNGUKA! Z imerudi, folda zote zipo tangu harusi ya kwanza niliyopiga. Mungu awabariki.

Ila programu ya kuhariri video haiioni Z, inasema faili zote hazipo. Folda nikifungua kawaida naziona.

Ngosha_IT
Hili nalifahamu vizuri. Unaifungua programu kama msimamizi?

mama_picha
Ndiyo, yule kijana aliiweka ijifungue hivyo.

Ngosha_IT
Diski ya mtandao uliyoiunganisha kama mtumiaji wa kawaida, msimamizi haioni, hata kama ni wewe yule yule. Bofya kulia alama ya programu, nenda kwenye sifa zake, toa tiki ya kujifungua kama msimamizi. Programu ya kuhariri haihitaji mamlaka hayo.

mama_picha
Nimetoa, mradi wote umefunguka, hata rangi nilizokuwa nimeweka zipo. Kompyuta ya pili nimeipa `studio2` kabla sijaipandisha, simu pia nimeiingiza kwa jina, ndipo nikamzima mgeni. Wi-Fi ya wateja nimeitenganisha, ruta ilikuwa na sehemu hiyo kumbe. Karatasi ya ukutani nimebandika mpya.

mzee_wa_stationery
Nimefuatilia uzi huu tangu mwanzo. Mimi mashine yangu ya fotokopi hutuma nakala kwenye folda ya kompyuta, nayo imegoma baada ya kupandisha. Mashine ni ya zamani, inajua SMB 1 tu.

bi_seva
Mzee wangu, angalia kwenye mipangilio yake kama inaweza kutuma kwa FTP, njia nyingine ya kusafirisha faili. Nyingi za umri huo zinaweza. Fungua uzi wako, weka modeli ya mashine, nitakuja.