UZI WA MALALAMIKO: Ratiba ya intaneti kazini inatunyima mtandao usiku, ilhali laini yenyewe iko nusu tupu

Wanajamvi, salaam.

Ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha, kwa sababu jambo hili tumelisema kwa upole ofisini mpaka upole umetuishia. Kampuni yetu inafanya uwakala wa forodha na usafirishaji hapa Tanga. Ofisi kuu iko jirani na bandari, yadi ya malori iko Pongwe, na pande zote mbili zinategemea laini moja ya faiba ya megabiti 20 kwa sekunde, Pongwe ikiunganishwa na ofisi kwa redio za mnarani. Mimi ni msimamizi wa nyaraka zamu ya usiku. Kabla ya kuingia kwenye nyaraka nilisomea mitandao, ndiyo maana sikubali kujibiwa kila mara kwamba mtandao unasumbua tu na tuvumilie.

Uongozi ulibandika tangazo kwamba matumizi ya laini sasa yatafuata saa. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, megabiti 12 ni za uongozi na mikutano ya video, 4 ni za nyaraka, na 4 ni za watu wengine wote. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, megabiti 16 ni za kutuma nakala rudufu kwenye seva ya Dar es Salaam, na 4 zinazobaki ni za yeyote aliye macho. Hakuna mtu wa zamu ya usiku aliyeulizwa anafanya nini saa hizo kabla ya tangazo kusainiwa.

Tunafanya kazi, tena kazi inayoiingizia kampuni fedha. Meli ikifunga gatini jioni, mzigo unashushwa usiku, na wakala ambaye hajakamilisha TANSAD, yaani hati ya tamko la forodha, kabla ya kupambazuka anamweka mteja wake kwenye hatari ya kulipa tozo za kuhifadhi mzigo. Juzi kijana mmoja wa zamu yangu alikuwa anapandisha ankara na hati ya shehena zilizoskaniwa. Faili lilifika karibu na mwisho, likasimama, mfumo ukamtoa kwa kukaa kimya muda mrefu, akaingia upya na kuanza na ukurasa wa kwanza. Baada ya hapo alitoka nje, akasimama kwenye ngazi penye mawimbi mazuri, akawasha intaneti ya simu yake na kupandisha nyaraka za kampuni kwa kifurushi alichokinunua kwa fedha zake. Wakati huohuo madereva wawili walikuwa Pongwe na injini zinaunguruma, wakisubiri karatasi ili wawahi kituo cha mpakani Horohoro. Kijana huyo hajarudishiwa hata senti moja, na aliyeuliza habari ya kurudishiwa aliambiwa kuwa laini ya ofisi ipo na inafanya kazi.

Sasa niseme kwa nini ratiba hii ni mbovu kitaalamu, kwa sababu najua baadhi yenu mtadhani tunachukia kupangiwa. Hatuchukii. Laini inayotumiwa na watu wengi lazima ipangiwe, na tangu mwaka 1998, zilipotoka nyaraka za viwango vya intaneti RFC 2474 na RFC 2475, dunia ina utaratibu unaoeleweka wa kuweka alama kwenye pakiti, yaani vipande vya data, ili ruta, kifaa kinachopitisha mtandao, ijue ipi itangulie. Lakini kipaumbele maana yake ni nani atangulie pale foleni inapotokea. Kisipokuwepo cha kugombea, kila mwenye kazi apite. Pale kwenye kivuko cha Pangani gari la wagonjwa hupishwa mbele ya magari yote na hakuna anayelalamika, lakini kivuko hakiachi watu ufukweni na nafasi wazi kwa sababu gari la wagonjwa huenda likaja. Kwetu nafasi inaachwa wazi. Mgao wote umewekwa dari ngumu, kiasi kwamba mchana uongozi ukiwa safarini na hakuna mkutano hata mmoja, megabiti 12 zinalala, na mezani kwa nyaraka watu wanabanana kwenye 4.

Ruta yenyewe haihitaji ukatili huo. Mpango wa foleni unaoitwa HTB, ambao umo kwenye mfumo endeshi wa Linux kwa miaka mingi na hupatikana hata katika ruta za bei ya kawaida, unampa kila mtumiaji viwango viwili: dhamana, ambayo hanyang'anywi hata laini ijae vipi, na dari, ambayo anaweza kuifikia kwa kuazima kile ambacho wenzake hawakitumii. Mwenye dhamana akirudi na kazi yake, aliyeazima anarudi nyuma mara moja. Saa ya siku ingefaa ibadilishe dhamana tu, dari ya kila mmoja ikiachwa karibu na uwezo wote wa laini. Aliyetuwekea ratiba ameandika dhamana na dari namba ileile, akalifunga kabisa suala la kuazima.

Kuna kosa kubwa zaidi ya hilo, na ndilo linaloniudhi kuliko yote. Faiba yetu ina megabiti 20 za kupandisha na megabiti 20 za kushusha, na pande hizo mbili hazigombanii nafasi. Nakala rudufu inatoka Tanga kwenda Dar es Salaam, yaani inapanda. Ratiba imetubana pande zote mbili. Kwa hiyo usiku kucha upande wa kushusha, ambao seva ya nakala hauihusu isipokuwa kwa vipakiti vidogo vya kuthibitisha kupokea, unakaa mtupu, huku sisi tukifungua kurasa za mfumo wa forodha kwa kuzisubiri. Katika zile megabiti 4 za kupandisha, kamera za ulinzi zinazotuma picha nje nazo zimo. Kamera moja yenye picha safi inaweza kula megabiti 2 hadi 4 peke yake. Piga hesabu mwenyewe ujue kinachobaki kwa ankara ya mteja.

Tena hata hiyo nakala rudufu iliyopewa heshima yote haimalizi safari yake. Inatumwa nzima kila usiku, gigabaiti 60 hivi, ambazo ni megabiti 480,000. Kwa megabiti 16 kwa sekunde zinahitaji sekunde 30,000, sawa na saa 8 na dakika 20, wakati dirisha lililotengwa ni la saa 8. Hesabu hiyo ingefanywa kabla ya tangazo kubandikwa, ingeonekana kwamba mkia wa nakala lazima uangukie asubuhi. Kutuma mafaili yaliyobadilika tu, jambo ambalo programu nyingi za nakala zinalifanya, kungepunguza mzigo huo kuliko ratiba yoyote.

Mwanzoni hali ilikuwa mbaya zaidi, na hapa nawalaumu waziwazi mkandarasi wa TEHAMA na waliompokea kazi bila kuikagua. Umeme ulikatika, ruta ikawaka upya, na tangu hapo asubuhi ikawa balaa ofisi nzima: mikutano ya video ya saa tatu kasorobo ikawa inakwama, sauti zinakatika, uongozi unafoka. Lawama zikaja kwetu, kwamba zamu ya usiku inaacha kompyuta zikishusha filamu. Nilipoomba kuoneshwa ukurasa wa ruta, saa iliyoandikwa pale ilikuwa nyuma kwa saa 3 kamili. Ruta ilikuwa inasoma saa za UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia, wakati sisi Afrika Mashariki tuko mbele yake kwa saa 3. Ratiba ya usiku ilikuwa inaanza saa saba usiku na kuisha saa tatu asubuhi, kwa hiyo uongozi ulikuwa unafanya mikutano yake ndani ya zile megabiti 4 za usiku. Ruta nyingi ndogo hazina betri ya kutunza saa, na kila zikizimika zinahitaji kuchukua saa kwenye mtandao kwa NTP, utaratibu wa kusawazisha saa za vifaa, na majira ya eneo yawe yamewekwa sawasawa. Mtu anayeegemeza utaratibu mzima wa kampuni kwenye saa, asiangalie saa ya ruta, hajafanya kazi aliyolipwa. Saa imerekebishwa. Aliyetuita watazama filamu hajasema lolote mpaka leo.

Jumatano nazo zina mambo yake. Microsoft hutoa masasisho ya Windows Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo kwetu ni saa mbili au saa tatu usiku kutegemea majira yao. Kompyuta za ofisini zimezimwa saa hiyo. Zinawashwa Jumatano asubuhi na zote zinaanza kushusha kwa pamoja. Windows yenyewe ina mpangilio wa kupunguza kasi ya masasisho saa za kazi na wa kompyuta kugawiana ndani ya ofisi zilichokwisha kushusha. Haujawashwa hata mmoja.

Tumeandika barua kwa uongozi na humo hatujaomba laini kubwa zaidi. Tumeomba nyaraka zipewe dhamana ya megabiti 6 mchana na usiku, kila mgao uruhusiwe kuazima, nakala rudufu iwekwe daraja la mwisho na itumie chochote kilichobaki hata kama ni laini nzima, na jumla ya foleni iwekwe chini kidogo ya megabiti 20 ili msongamano usimamiwe na ruta yetu badala ya vifaa vya mtoa huduma tusivyoweza kuvigusa. Tumeomba pia vijana warudishiwe fedha za vifurushi. Jibu tulilopata kwa mdomo ni kwamba ratiba itaangaliwa mwisho wa mwaka wa fedha, na kauli hiyo ndiyo iliyonileta hapa.

Wenye uzoefu wa ofisi zinazofanya kazi usiku, hasa mlioko bandarini na mipakani, naomba mseme mmeweka dhamana ya kiasi gani kwa nyaraka, kamera za ulinzi mmeziweka daraja lipi, na ikiwa kuna aliyefanikiwa kuushawishi uongozi wake kwa vipimo, alipima nini na aliwaonesha kwa namna gani. Barua ya pili tunaipeleka wiki ijayo na nataka iwe na namba ambazo hawataweza kuzikwepa.