Tanga langu limeondoka na hundi ya mtu mwingine

Wakuu, heshima kwenu.

Ile benki mnaifahamu, sina haja ya kuitaja, kwa kuwa mabango yake yamefika hata vijiji ambavyo umeme haujafika. Jana usiku, katika kilele cha shindano lao la uchoraji la kuibua vipaji vya mikoani, waliegemeza hundi ya mfano, ile yenye ukubwa wa mlango, juu ya picha yangu ya jahazi likiingia Kilwa Kisiwani, ili mgeni rasmi apigwe picha na mshindi. Hundi ilipoinuliwa, iliondoka na tanga. Nilipopiga kelele, mshereheshaji alitangaza kwa kipaza sauti kwamba msanii atulie, mdhamini yuko jukwaani. Mdhamini yuko jukwaani! Na tanga langu liko njiani kwenda Mbeya, mgongoni mwa hundi ya mshindi.

Brashi Kavu: Mleta uzi, rangi ya mafuta ikipakwa nene huhitaji wiki nyingi kukauka, nawe umeipeleka mbichi. Mwenye hundi ndiye anayestahili fidia.

Mjukuu wa Tunduru: Pole, ndugu yangu, lakini wewe angalau ulitundikwa. Mimi jaji aliniambia kwamba Tingatinga ni kazi ya watalii, ilhali kwenye tawi lao ninakowekea akiba pana chui wa Tingatinga ukutani, juu kabisa ya dirisha la mikopo. Mzee Edward Saidi Tingatinga, aliyechorea vipande vya mbao za dari kwa rangi za baiskeli pale Oysterbay, angewapelekea kazi leo wangemdai kwanza namba ya mlipakodi.

Mleta uzi: Naomba turudi kwenye tanga.

Mama Turubai: Tanga litasubiri. Fomu mliisoma? Kipengele cha mwisho, kwa maandishi ya kutafutwa kwa miwani, kinasema kwamba kila picha itakayofika fainali ni mali ya mdhamini, pamoja na haki ya kuichapisha. Wauza dagaa wangu wa Kigoma wako kwenye kalenda yao, mwezi wa Juni, na nembo imebandikwa juu ya uso wa shangazi.

Brashi Kavu: Wewe umepewa Juni yenye siku 30. Mimi wamenitupa Februari, tena wameandika kwamba picha imepigwa na mwingine.

Mleta uzi: Jamani, tanga!

Mjukuu wa Tunduru: Kwani hiyo kalenda inagawiwa wapi? Nina akaunti kwao na sijaiona.